Pikipiki yangu ya safari inatetemeka, na fundi ni shemeji yangu

Shikamoo Mzee,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Moshi, umri umeshavuka miaka 40. Nimekuwa nikisoma safu yako na ninaona wengi wanakuandikia kuhusu ndoa, mashamba na urithi. Langu linaanzia kwenye pikipiki, lakini limeingia mpaka chumbani na ukweni, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa nawaangalia wasafiri wanaopita mjini kwetu na pikipiki kubwa zenye masanduku pembeni, wakitoka Nairobi kwenda kusini. Nilijiambia ipo siku. Miaka michache iliyopita nikapata iliyotumika, ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, kabureta mbili, cc 800 na kitu. Aliyeniuzia alikuwa mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi. Nilimlipa kwa akiba ya muda mrefu, na mama watoto alijua na kukubali.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Tulikwenda Same, tukapanda Lushoto, tukafika Babati. Mke wangu alikuwa anakaa nyuma anaimba ndani ya helmeti. Kisha oili ikaanza kuvuja kwenye gasketi ya kichwa cha injini. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ana gereji ya pikipiki hapa mjini. Huyu si shemeji wa jina tu. Nilipokwenda kuposa, wazee wao walikuwa hawanitaki, na yeye ndiye aliyesimama akasema kijana huyu namfahamu. Sitamsahau kwa hilo. Basi nikampelekea. Akaishusha injini, akabadilisha gasketi, akairudisha, na uvujaji ukakoma. Katika kipindi hicho hicho nikampa fundi wa kuchomelea kazi ya kunitengenezea ngao ya chuma ya kulinda injini nikianguka, pamoja na fremu ya kubebea masanduku. Nikaona sasa pikipiki imekamilika kwa safari ndefu.

Tangu shemeji aliposhusha ile injini, pikipiki inatetemeka. Mjini siioni sana. Nikitoka barabara kuu, nikaingia gia ya tano, mwendo wa 90 hadi 100, mshale wa mizunguko ya injini ukikaribia 4,200 kwa dakika, mtetemo unaanzia kwenye vikanyagio, unapanda kwenye tangi, unaishia mikononi. Lori lililo nyuma yangu nalitazama kwenye kioo na silitambui. Nikiwa nakwenda Arusha, kabla ya kufika Usa River vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vinakuwa havina hisia. Siku nyingine ganzi inabaki mpaka usiku. Bolti moja ya kioo ilijifungua yenyewe, na taa ya nyuma imeungua zaidi ya mara moja.

Nimemrudia shemeji kila mara. Amebadilisha plagi, amebadilisha oili, amekaza mnyororo. Hataki hela ya ufundi, anachukua ya vifaa tu. Kwa muda mrefu alikuwa ananiambia, "Shemeji, hizi kubwa ndivyo zilivyo, utazoea." Mwezi uliopita amegeuka. Anasema beringi za krankishafti zimekwisha, tufanye ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya. Spea ziagizwe nje, na hesabu yake inakaribia shilingi milioni 3 kabla ya ushuru. Hiyo ni ada ya watoto.

Rafiki yangu akaniunganisha na fundi wa Sakina, Arusha, anayeshughulika na pikipiki kubwa. Nilimweleza kwenye simu, akaniambia hilo wala si la kufungua injini, nimpelekee. Nilipomwambia mke wangu, akakaa kimya, halafu akasema, "Utamwaibisha kaka." Siku hizi hapandi tena. Ananiambia tu miguu inamuuma, nami naona ni namna yake ya kusimama upande wa ndugu yake. Desemba tunakwenda Krismasi ukweni Marangu, ukoo wote utakuwepo, na nilikuwa nimepanga tukitoka huko twende wawili mpaka Tanga kuadhimisha ndoa yetu.

Kuna jambo la mwisho. Kijana mmoja wa Njiro ameiona pikipiki akaipenda, na bei anayotaja ni nzuri. Aliipanda mjini tu. Hajui habari ya mtetemo, na mimi sijamwambia. Usiku nawaza: nimuuzie, niachane na pikipiki, nibaki na shemeji yangu na amani ya nyumba. Asubuhi nikiiona uani, moyo unakataa.

Mzee, nifanye nini? Nitoe milioni 3, nimwache shemeji niende Arusha, niuze, au nizoee kama nilivyoambiwa?

Msomaji wako, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Wala si jambo dogo. Mtu aliyetunza ndoto tangu darasani hadi akaipata, kisha akaanza kuikwepa uani kwake mwenyewe, ana haki ya kuumia. Na nimeona kitu katika barua yako: kila unayemtaja unamtaja kwa heshima. Hata shemeji unayemshuku umetueleza kwanza wema wake. Hilo ni mtaji, na tutaurudia.

Niruhusu nianze na vidole, kwa sababu injini inaweza kusubiri. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford katika jimbo la Indiana kuwachunguza wachonga mawe waliokuwa wakitumia nyundo za hewa. Aliwakuta na vidole vinavyokufa ganzi na kugeuka vyeupe, hasa wakati wa baridi. Leo madaktari wanajua kwamba mtetemo unaoingia mkononi kwa saa nyingi, kwa miaka, unaumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2002 linalomwekea mwajiri kiwango cha mtetemo ambacho mkono wa mfanyakazi hauruhusiwi kukivuka kwa siku ya kazi ya saa 8. Wewe hupandi saa 8 kila siku, kwa hiyo sikutishi. Lakini vidole ulivyovitaja, cha mwisho na cha pete, vinahudumiwa na mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko na kuvuka kiganja upande wa kidole kidogo. Mtu anayeukaba usukani kwa nguvu kwa kuwa unamtetemekea anaukandamiza mshipa huo hapo hapo kiganjani. Jaribu kulegeza mkono, na kila baada ya nusu saa simama unyooshe vidole. Ganzi inayokwisha ukishuka ni jambo moja. Inayolala nawe mpaka usiku ni jingine, na huenda haitoki kwenye pikipiki peke yake: shingo, kiwiko na hata sukari ya damu huweza kuleta ganzi. Mwone daktari, na KCMC iko hapo hapo mjini kwenu. Hili usilisubirishe mpaka fundi apatikane.

Sasa tuje kwenye chuma. Umeandika, "Tangu shemeji aliposhusha ile injini." Nimerudi kwenye maneno yako nikaona mstari uliopita juu yake haraka: katika kipindi hicho hicho fundi wa kuchomelea aliweka ngao na fremu ya masanduku. Mambo mawili yalitokea pamoja, na moyo wako umechagua moja. Sisemi umekosea. Nauliza tu kwa nini lile la pili halikuhojiwa.

Kwenye pikipiki nyingi, ngao ya namna hiyo hufungwa kwenye bolti zile zile zinazoishika injini kwenye fremu. Iliyotengenezwa kwa kukadiria kwa macho, ikiwa imepishana hata milimita chache na matundu, fundi huivuta kwa nguvu mpaka bolti ziingie. Kuanzia hapo injini na fremu zinavutana muda wote. Tena ngao yenyewe ni bomba refu la chuma lenye kasi yake ya kutikisika, na injini ikifika kasi hiyo, ngao nayo inaitikia, kama sufuria iliyowekwa juu ya mashine ya kusaga inavyoanza kulia mashine ikifika mwendo fulani tu, kabla na baada ya hapo ikanyamaza. Wewe mwenyewe umesema mtetemo unakaa karibu na 4,200. Mtetemo wenye makao maalumu namna hiyo unanifanya niulize ni kipande gani kinachoitikia, kabla sijauliza kama beringi imekwisha.

Huenda si ngao. Injini ikishushwa na kurudishwa, bolti zake huwa na mpangilio wa kukazwa na nguvu maalumu ya kukaza, vyote vimeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Mara nyingi zote huingizwa kwanza zikiwa legelege, injini ikakaa mahali pake, ndipo zikakazwa moja baada ya nyingine kwa spana yenye kipimo. Ikikazwa moja kabisa kabla nyingine hazijaingia, injini inakaa upande. Gereji nyingi hukaza kwa mkono uliozoea, na kwa pikipiki ndogo inatosha.

Na shemeji hakukudanganya alipokwambia hizi kubwa ndivyo zilivyo. Injini ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega ina historia ndefu ya kutetemeka. Katika zile za zamani za Uingereza pistoni zote mbili zilipanda na kushuka pamoja, na hakuna uzito mdogo unaoweza kuzisawazisha kabisa. Norton, kiwanda cha huko Uingereza, walipoitoa pikipiki yao ya Commando mwaka 1967 hawakuuondoa mtetemo wa injini. Waliifunga injini kwenye mipira ili mtetemo usimfikie mpandaji. Baadaye viwanda, hasa vya Japani, viliongeza shafti za kusawazisha ndani ya injini. Kwa hiyo kiasi fulani cha mtetemo ni tabia ya ukoo huo. Ila barua yako inasimulia pikipiki iliyowapeleka Lushoto mke wako akiimba, kisha ikabadilika. Hayo mabadiliko ndiyo ninayotaka tuyatafute, kabla ya kumtafuta mwenye kosa.

Uzuri ni kwamba pikipiki inajibu ikiulizwa vizuri, na maswali yenyewe hayagharimu. Isimamishe kwenye stendi ya kati, gia huru, injini ikiwa imepata moto wake, upige resi taratibu mpaka 4,200. Ukiukuta mtetemo ule ule hapo, mnyororo, tairi na rimu vimejitoa vyenyewe kwenye kesi, maana havizunguki. Kisha siku nyingine, barabarani, fikia 4,200 katika gia ya tatu. Gia ya chini itakupa mizunguko hiyo kwa mwendo mdogo, huna haja ya kukimbia. Mtetemo ukija kwenye mizunguko ile ile bila kujali gia, unatoka kwenye injini au mahali iliposhikwa. Ukija kwenye mwendo ule ule wa kilomita bila kujali gia, tazama magurudumu na mnyororo. Jaribio la tatu: ukiwa kwenye mwendo unaotetemeka, achia resi, kamata klachi, acha injini ishuke. Mtetemo ukikata papo hapo, umejua. Ukiendelea huku pikipiki ikijiendea tu yenyewe, umejua pia.

Hata ladha yake inasema. Kwenye kilomita 95 kwa saa gurudumu la pikipiki yako linazunguka kama mara 13 kwa sekunde, na mkono unahisi mtikisiko unaoweza karibu kuuhesabu. Injini kwenye 4,200 inazunguka mara 70 kwa sekunde, na mkono unahisi mwasho, ule unaoleta ganzi. Ulivyoeleza vidole vyako, nafikiri unazungumzia wa pili. Lakini usinitegemee mimi ninayesoma karatasi.

Usiyafanye majaribio haya kwenye barabara ya Arusha, katikati ya mabasi na malori, jicho likiwa kwenye mshale. Barabara ya kwenda TPC asubuhi ya Jumapili ni tambarare na ina utulivu, nje ya makazi ya watu. Nenda mahali pamoja kila mara, kwani pikipiki ya kabureta hupumua tofauti kidogo Arusha kwenye mita 1,400 kuliko kwenu chini. Andika kwenye daftari: gia, mwendo, mizunguko, mtetemo uko wapi. Halafu vua ngao, ukague kila bolti ya injini kabla hujawasha, urudi sehemu ile ile na daftari lile lile.

Na hapo ndipo ninapomfikia shemeji.

Umeniwekea mambo kana kwamba kuna milango miwili, uaminifu kwa shemeji au fundi wa Sakina. Hebu tumtazame shemeji vizuri. Gereji ya pikipiki mjini kwenu inakula kwa bodaboda: silinda moja, kabureta moja. Katika kazi hiyo anaweza kuwa hodari kuliko wote. Pikipiki yako ina kabureta mbili zinazotakiwa kufunguka sawasawa kabisa, na kuzilinganisha kunahitaji geji za kupima mvuto wa hewa wa kila silinda, baada ya tapeti, yaani nafasi za vali, kuwa zimeshasetiwa. Yeye hajawahi kuwa na sababu ya kununua geji hizo. Kuna wanaotumia mpira mwembamba wa kuonekana ndani wenye oili kidogo, kila ncha kwenye silinda yake, wakatazama oili inakovutwa zaidi. Inafanya kazi, ila mkono ukizubaa oili yote inaingia kwenye injini. Kwa hiyo mtu anayekutumikia bila ujira, kwa kazi isiyo na vifaa vyake, amekuwa akifanya anachoweza. Na huenda lile la ovahoo limetoka kwenye aibu kuliko kwenye uhakika: umemrudia mara nyingi, amemaliza anayoyajua, amebakiwa na kubwa. Ni dhana yangu, unaweza kuikataa.

Je, ungeweza kumpelekea daftari? Ukimwendea na "bado inatetemeka," anasikia "umeshindwa." Ukimwendea na "shemeji, kwenye 4,200 inatetemeka hata ikiwa imesimama, na nilipovua ngao ikawa hivi," mna kitu cha kuinamia pamoja. Mwombe mlegeze bolti za injini na kuzikaza upya kwa kitabu. Spana ya kipimo huweza kuazimwa. Wapo pia waliokwenda kwa fundi wa mbali wakiwa na fundi wao wa nyumbani kiti cha nyuma: "Shemeji, nisindikize Sakina, ukanisikilizie, mimi lugha ya mafundi siijui." Mwingine angelifurahia hilo, mwingine angeona anapelekwa kufundishwa mbele ya watu. Wewe unamjua. Hatari ya kwenda kimya kimya ni kwamba Arusha na Moshi ni mji mmoja kwa mafundi, habari itamfikia kabla ya ndafu ya Krismasi. Hatari ya kutokwenda kabisa ni kwamba hasira itaendelea kukusanyika ndani yako huku ukimwita shemeji kwa tabasamu, naye atahisi.

Usimpe fundi wa Sakina taji pia. Hajaiona pikipiki. Kusema kwenye simu kwamba si la kufungua injini ni rahisi, na akiifungua mwenyewe mwezi ujao hutakuwa na la kumjibu.

Kuhusu milioni 3, siwezi kukuambia kutoka hapa nilipo kwamba beringi ni nzima. Ila beringi za krankishafti zikichoka huwa zina dalili nyingine. Injini hugonga kutoka chini inapobebeshwa mzigo, presha ya oili hushuka, na chembe za chuma zinazometa huonekana kwenye oili na ndani ya chujio. Kabla ya kuagiza spea, mwombe shemeji mlikate chujio la zamani, mlikunjue kwenye mwanga mtazame pamoja. Mkiona chembe nyingi, mazungumzo yatabadilika na huenda yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Msipoziona, hata yeye atapumua.

Kuzoea? Unaweza kuweka vizito kwenye ncha za usukani na mipira minene ya kushikia, vinasaidia mikono kweli. Pia nguvu ya mtetemo huu hukua kwa mraba wa mizunguko: ukishuka kutoka 4,200 hadi 3,600 unaondoa zaidi ya robo yake. Unaweza kusafiri kwa 80 na ukaishi. Ninachokihofia ni kwamba pikipiki iliyojifungua bolti ya kioo na kuunguza taa inaendelea kulegeza vingine usivyoviona, na mikono ikishastareheshwa haitakuambia. Ukichagua njia hii, spana iwe na ratiba, hasa kwenye bolti za injini, breki na vishikio vya masanduku.

Nimeiacha nyuma habari ya mke wako kwa sababu ndiyo iliyonigusa zaidi. Alisema, "Utamwaibisha kaka." Alisema pia miguu inamuuma. Wewe umeunganisha sentensi mbili ukapata ya tatu, kwamba anamsimamia ndugu yake. Je, kama miguu inamuuma kweli? Vikanyagio vya abiria mara nyingi viko karibu na fremu ya masanduku, na kama mpira wake umekwisha, anapokea kwenye nyayo kile unachopokea wewe viganjani, na hana hata usukani wa kulegeza. Kaa nyuma mwenyewe siku moja, mtu unayemwamini akiendesha, usikie. Au muulize bila kumtaja kaka: mguu upi, sehemu gani, unaanza tukifika wapi. Mwanamke aliyekuwa anaimba ndani ya helmeti hakuacha kwa sababu ya ukoo tu, nadhani. Na hata kama ni ukoo, amebanwa katikati ya watu wawili anaowapenda, na huenda anangoja mmoja wenu amwondolee kazi ya kuchagua. Angeweza hata kuwa ndiye wa kulipeleka jambo kwa kaka yake, kwa sauti ya dada, lakini hilo ni lake kulisema, si langu wala lako kumpangia.

Safari ya Tanga bado ina muda. Ikifika Desemba na pikipiki bado haijatulia, kuna basi, na ndoa itaadhimishwa vile vile. Nasema hivyo ili tarehe isije ikakusukuma kutoa milioni 3 au kuuza kwa haraka.

Ukiamua kuuza, hakuna ubaya. Watu huuza pikipiki kwa sababu nyingi na wanabaki wanaume kamili. Lakini kijana wa Njiro aliipanda mjini, mahali ambapo hata wewe huuoni mtetemo. Atakuja kuukuta mbele ya Kikatiti, kwa 95, pengine na mama yake nyuma. Umeniambia kwamba usiku unawaza, na sidhani ni bei inayokukosesha usingizi. Ukimwambia, anaweza kushusha bei au kuondoka, na hiyo ni hasara ya kweli. Anaweza pia kusema anamjua fundi na ataichukua hivyo hivyo, mkaandikiana kwamba amejulishwa. Usipomwambia, utakuwa umeiuza pikipiki ukabaki na mtetemo. Kwa sasa ungeweza kumwomba wiki chache: mwambie kuna jambo la injini unalichunguza na utampa jibu la kweli. Asipotaka kungoja, zitapatikana nyingine za kumfaa.

Ukishatoka TPC, niandikie ulichokiona kwenye daftari kabla na baada ya kuvua ngao, na kama mke wako amekwambia ni mguu upi.